Pwani na Isansa, Wapi na Wapi?

 

Nilipoomba mhadhara wangu wa uprofesa usomwe hapa Isansa, wilayani Mbozi, wenzangu walicheka. Mada ni maafa na riziki za watu wa pwani, na kutoka hapa hadi kuiona bahari ni safari ya kulala njiani. Pwani na Isansa, wapi na wapi? Nitafika huko. Kwanza nina deni.

Mwaka juzi, kikaoni, mtaalamu mmoja alisema mvuvi mdogo hujiletea maafa mwenyewe: ana kazi moja, na bahari ikichafuka hana pa kushika. Dawa yake ni “shughuli mbadala”. Apewe mizinga, apewe kuku, aachane na nyavu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilinyamaza, na ukimya ule unanikera mpaka leo.

Hebu tuitazame hiyo kazi moja. Mtu wa Mafia au Kilwa ana kalenda mbili, ya mwezi na ya upepo. Maji ya bamvu yakipwa mbali, wanawake huingia mwambani kuchokoa pweza. Yakija maji mafu, mwamba haufunuki vya kutosha, basi hutoka ukili na makuti. Kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa hupandishwa ufukoni, na nahodha wa jana utamkuta kwenye mihogo au juu ya mnazi. Lakini fomu ya mradi ina nafasi moja tu ya kujaza kazi, na karani ameshaandika “mvuvi” kabla mwenye nyumba hajamaliza kusema. Hiyo kazi moja imezaliwa kwenye fomu.

Katika kijiji kimoja nisichokitaja nilikuta mizinga ya mradi imepangwa vizuri chini ya mkorosho, mitupu yote isipokuwa mmoja. Mwenye huo mmoja alinionyesha kwa fahari alichonunua kwa fedha ya asali: jarife jipya. Kwa hesabu za mtaalamu yule wa kikaoni, mradi umeshindwa. Mzee yule hakuona kilichoshindwa, wala mimi.

Watanitajia mwani wa Zanzibar, ulioanza kulimwa kibiashara mwaka 1989 Paje na Jambiani. Nautaja mwenyewe. Ulishika kwa sababu unafuata bamvu, saa ambazo wanawake wa huko walikwishazoea kushuka pwani. Kisha kotonii, aina yenye bei nzuri, ikaanza kufa maji ya kina kifupi yalipozidi joto, na wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Kaya zilizoufanya mwani kuwa mbadala wa kila kitu ziliumia kuliko zilizouongeza tu juu ya vingine. Nakiri kwamba “kuongeza” huko kulibebwa na mgongo wa mwanamke, ambaye hakupunguziwa hata ndoo moja ya maji.

Mnivumilie sasa kwa kitabu nikipendacho. Periplasi ya Bahari ya Erithrea iliandikwa katika karne ya kwanza na mfanyabiashara aliyetumia Kigiriki, akitokea Misri. Huyu bwana alikuja kutafuta pembe za ndovu na magamba ya kasa. Watu wenyewe hakuwajali sana. Hata hivyo, akiwa kwenye kisiwa anachokiita Menouthias, jicho lake linanasa vyombo vya mbao zilizoshonwa, mitumbwi ya kuchonga, uvuvi, kasa, na kisha vikapu vya kusukwa vilivyotegwa kwenye midomo ya mikondo. Nikisoma hapo huliona dema: mlango mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani, samaki aingie asijue pa kutokea. Na anayetega dema haketi kulilinda. Amelitumbukiza na kwenda zake kufanya jambo jingine. Wanahistoria watasema nakikamua kitabu kitoe kisichokuwemo. Wacha waseme.

Mfano mzito zaidi ni Rufiji. Mpunga hupandwa bondeni. Mafuriko yakizidi, unakwenda na maji. Lakini maji hayo huacha tope jipya, na yanapotoka hupandwa mahindi na kunde kwenye unyevu wake: ndiyo mlao. Huku nyuma samaki wamejaa mabwawani. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamishia watu mwinukoni. Zilikuwepo sababu: shule, zahanati, usalama wa roho. Ila mashamba yalibaki bondeni, na watu wakaendelea kuyarudia kila msimu, wakilala kwenye madungu.

Mtaniambia tahadhari na madaraja ni muhimu kuliko mlao. Ni kweli. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatahadharisha. Barabara ya kusini ilikatika hata hivyo eneo la Somanga, na aliyetegemea kuuza kwa lori alisubiri. Nimeyapima haya yote, na bado siachi imani yangu: kaya inahitaji shamba la pili, penye udongo mwingine, maji mengine na msimu mwingine. Nipeni hilo kwanza, kisha tuzungumze mizinga.

Imani hiyo sikuipata baharini. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na Mbozi hii ikatikisika. Miaka michache kabla, bwana shamba mmoja alimwamuru mama yangu ang’oe migomba na maharage kwenye kahawa, eti inanyonya mbolea. Mama aliitikia “ndiyo, bwana”, akamkaanga yai, akamsindikiza hadi barabarani. Hakung’oa hata mgomba mmoja. Jirani yetu alitii. Mwaka uliofuata ule wa bei kuporomoka, debe lake la mahindi lilitoka kwetu, na ng’ombe wake wawili walikwenda mnadani.

Migomba ile imeshazaa vitukuu. Anayetaka kuiona, ni mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, na chai ipo.