Kuapa kwa Kitambulisho cha Uganda

Ndugu wafanyakazi wa Kitale na Bungoma,

Tangu Januari 2014 mtu wa Uganda aweza kuvuka Suam au Lwakhakha kwa kitambulisho cha taifa lake, bila pasipoti. Lakini akienda kwa wakili kuapa hati ya kudai mshahara wake, pengine huambiwa alete cha Kenya. Atakitoa wapi? Wakili anashuhudia nani ameapa, wapi na siku gani. Haulizwi uraia wa mtu. Babu zetu waliovaa kipande shingoni miaka ya 1920 walijua taabu hii: asiyesainiwa na tajiri hakuandikwa pengine. Basi mwenzetu akikataliwa, asirudi shamba kimya. Mleteni ofisini kwetu, na kadi yake mkononi, twende naye kwa wakili mwingine.