Petroli Iliyopotea: Habari za Kabureta ya Trekta Kuukuu



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kabureta inayovuja. Mimi si fundi wa mitambo. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini daftari ndilo lililonifikisha kwenye kabureta, na jinsi lilivyonifikisha sina budi kuungama mbele yenu.

Sisi wakulima wa kwetu tuna trekta moja ya Ferguson, ile ndogo ya rangi ya kijivu iitwayo TE20. Trekta hizo zilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, zaidi ya 500,000. Basi mvua za kwanza zilipokaribia, naliona katika daftari kwamba petroli yatoka wala eka zilizolimwa hazilingani nayo. Asubuhi moja zilipungua lita 6, na trekta ilikuwa imelala bandani. Nikamshuku dereva. Nikamwita mbele ya wazee, nikamsomea hesabu. Naye, mtu aliyenizidi umri, hakugombana nami, alisema tu, "Karani, njoo ukeshe nami bandani usiku mmoja."

Nikaenda. Watu walipolala nikasikia to, to, to, chini ya trekta. Sakafu ya banda ni mchanga, nao ulikuwa ukinywa kila tone. Harufu tuliisikia siku zote, tukidhani ni ya mapipa.

Sababu yake ni hii. Katika trekta hiyo tangi liko juu, na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe, haina pampu. Ndani ya bakuli la kabureta mna boya. Petroli ikiongezeka boya hupanda, nalo huisukuma sindano fupi izibe tundu la kuingilia. Sindano isipoziba sawasawa, bakuli hufurika. Na kwa kuwa kabureta hii huvuta hewa toka chini kwenda juu, petroli hudondokea nje. Injini ikiwa na moto, hapo ndipo penye hatari ya kuteketeza trekta na banda pamoja.

Kwa hiyo tuliingoja ipoe, tukaisukuma uwanjani, tukamwambia kila mtu mwenye sigara akae mbali. Tulifunga bilula ya tangi kwa koleo, maana ilikuwa ngumu mno, tukafungua kabureta juu ya sinia safi ili skrubu zisipotee. Bakulini mlikuwa na kutu na mchanga. Tukasafisha, tukairudisha, ikakauka kabisa. Nilijiona fundi! Kesho yake ikavuja tena.

Mara ya pili tulichunguza kwa subira. Boya tulilitikisa sikioni, halikuwa na petroli ndani. Tukalizamisha katika maji ya moto yaliyoletwa kutoka jikoni, wala halikutoa mapovu. Lingekuwa na tundu, mapovu yangelionyesha. Kisha tukaitazama sindano juani. Kwenye ncha yake palikuwa na mfuo mwembamba uliozunguka kama pete, uliochimbwa kwa kugongagonga miaka mingi. Tuliiziba mahali pake kwa kidole, nikapuliza kwa kinywa upande wa kuingilia, na pumzi ikapita.

Wako watu waisuguao sindano ya namna hiyo kwa msasa. Mimi sikubali, kwani huharibu umbo lake. Tulinunua mpya pamoja na kikalio chake, kwa sababu kikalio cha zamani kimekwisha chakaa kwa kufuata sindano ya zamani. Washa yake nayo ni mpya, wala hatukukaza kwa nguvu za kulimia. Shaba hukatika upesi. Gasketi iliyoraruka hatukuipaka gundi, tulitia nyingine. Mwisho tulisafisha tangi na chujio, la sivyo kutu ingerudi juma lile lile.

Tangu siku hiyo mchanga wa bandani ni mkavu.

Dereva nilimwomba radhi mbele ya wazee wale wale. Akanisamehe, kisha akasema kwamba ile bilula ilikuwa haifungiki tangu miaka miwili, naye amekwisha omba nyingine mara mbili. Nikalifungua daftari la maombi. Yamo yote mawili, kwa mwandiko wangu mwenyewe.