Mbele ya Kununua Gari

Neno la leo ni gari. Sisi wote tunaitaka: maharagi na viazi vinaozea huku Masisi, na wenzetu wa Walikale wanalipa pikipiki bei kali kwa kufikisha mama mwenye mimba hospitali.

Lakini tuangalie Dar es Salaam. Mabasi yao ya mwendokasi yalianza 2016, mabasi 140, kutoka Kimara mpaka katikati ya mji. Watu walifurahi. Kisha mto Msimbazi ukajaa, maji yakaingia Jangwani, pahali mabasi yanalala, mengi yakaharibika. Na njia ya Mbagala? Barabara ilikuwa tayari, ikangoja mabasi mpaka 2025. Na ule ni mji wenye mikopo ya Benki ya Dunia! Sisi tuko na michango ya franka kidogo kidogo.

Kwa hiyo komite ijibu kwanza: gari italala wapi? Piesi zinapatikana Goma, ao mpaka ziagizwe mbali? Nani atalipa mazutu mwezi ambao hakuna mavuno? Matope ya Sake–Masisi tunayajua, hata Fuso inakwama pale siku mbili, tatu.

Sisi tunaona tuanze na pikipiki mbili za magurudumu matatu, fundi wa kwetu azijue, na sanduku la matengenezo lianze leo. Wafadhili, mutusaidie kujaza lile sanduku. Chapa ya gari tutaizungumzia mwaka kesho, kama hesabu inakubali.