Parachichi: Maua Mengi, Matunda Machache

Mazungumzo kwa wakulima wa Burnt Forest



Kilio cha wengi waliopanda Hass ni hiki: mti unajaa maua hadi majani hayaonekani, kisha matunda yanayobaki yanahesabika. Mkulima humlaumu aliyemuuzia miche, mwingine huongeza mbolea. Lakini hata mti wenye afya hushika tunda chini ya moja kwa kila maua mia. Maua kuanguka si ugonjwa. La kuuliza ni kama yalipata chavua.

Ua la parachichi hufunguka mara mbili. Kwanza hufunguka likiwa jike, tayari kupokea chavua. Kisha hufunga, na kesho yake hufunguka likiwa dume, likitoa chavua. Ua la Hass huwa jike asubuhi na dume alasiri ya siku ya pili. Fuerte ni kinyume: jike alasiri, dume asubuhi. Asubuhi basi, Hass inapohitaji chavua, Fuerte ndiyo yenye kuitoa. Hass peke yake pia huzaa, kwa sababu saa za jike na dume hugusana kidogo, lakini kwa kawaida hushauriwa kuwe na Fuerte mmoja kwa kila Hass tisa hivi. Ndiyo maana inasikitisha kuona miti mizee ya Fuerte ikikatwa kuni eti madalali wanataka Hass tu.

Chavua hiyo inanata, haibebwi vizuri na upepo. Inabebwa na nyuki, na nzi pia. Burnt Forest iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya baridi au mvua nyuki hawatoki mzingani. Saa chache za jua ndizo za kazi. Sasa mtu akipulizia mahindi dawa ya viwavijeshi saa nne asubuhi, kando ya parachichi zilizochanua, amewaua wafanyakazi wake na wa jirani. Afadhali apulizie jioni, nyuki wakisharudi.

Watafiti wa icipe waliochunguza mashamba madogo ya parachichi huko Murang'a walikuta uchavushaji ni haba, na mizinga ilipoongezwa mavuno yalipanda. Mizinga iletwe maua yanapoanza kufunguka. Ikikaa mapema mno, nyuki huzoea maua mengine. Iwekwe mbali na njia na mifugo.

Dalili moja ni rahisi kuiona: vitunda vyembamba kama tango changa, visivyo na kokwa. Mara nyingi hivyo havikuchavushwa vyema, na bila kokwa tunda halinenepi.

Mwenye robo ekari asiyetaka kupoteza nafasi anaweza kupandikiza kikonyo cha Fuerte kwenye tawi moja la Hass. Litiwe alama, lisije likakatwa wakati wa kupogoa.