Mali Bila Daftari: Kinamasi cha Yala na Wenyeji Wake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa kila mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoalikwa, niliombwa nichague jambo linalohusu kazi ya serikali ambalo pia litawafaa vijana. Nimechagua matope. Naona baadhi yenu mnacheka, lakini nawaomba mnivumilie, kwa maana katika matope hayo mna samaki, mikeka, chakula cha mwaka wa njaa, na karo ya shule.

Wengi wenu mnakijua kinamasi cha Yala, kule Siaya na Busia, mahali ambapo mto Yala unafika Ziwa Victoria. Ukubwa wake ni kama hekta 17,500. Ndani yake mna maziwa madogo, nayo ni Kanyaboli, Sare na Namboyo, na mahali pengi pamefunikwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Mgeni akisimama kando ya barabara huona majani na maji tu. Husema, "Ardhi yote hii imelala bure!" Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Hebu tuone kama kweli ilikuwa imelala. Wanawake walikata mafunjo, wakayaanika, wakasuka mikeka na vikapu vya kuuza sokoni. Wavuvi walitega kamongo na mumi. Katika Ziwa Kanyaboli waliendelea kuishi ngege wa asili, ambao katika Ziwa Victoria walikaribia kumalizika baada ya mbuta kuletwa. Kwa hiyo kinamasi kilikuwa ghala ya mbegu ya samaki. Nzohe, yule paa wa majini, alijificha humo. Wakati wa kiangazi, nyasi zilipokauka mlimani, ng'ombe waliteremshwa kwenye majani mabichi. Maji yalipopungua, watu walilima mahindi, maharagwe na mboga kandokando. Isitoshe, mafunjo yalichuja udongo uliochukuliwa na mto kabla haujaingia ziwani. Kwa hakika, mahali pale palikuwa shamba la wasio na shamba.

Serikali ilianza kukausha sehemu ya kinamasi hicho katika miaka ya 1960. Mto ulielekezwa kwenye mfereji, matuta yakajengwa, na zikapatikana hekta zipatazo 2,300 za kulima. Ziwa Kanyaboli, ambalo zamani lilipokea maji ya mto moja kwa moja, likaachwa kando. Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa, iliyoundwa mwaka 1979, ilikuja kusimamia kilimo katika sehemu hiyo.

Kisha, mwaka 2003, ikaja kampuni ya Dominion Farms, yenye asili yake katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Ilipatana na Mabaraza ya Wilaya ya Siaya na Bondo kukodi hekta 6,900 kwa miaka 25, pamoja na nafasi ya kuongezewa muda. Hizo ni karibu sehemu mbili katika kila tano za kinamasi chote. Kampuni ilitengeneza matuta, ikajenga kizuizi cha maji mtoni, ikalima mpunga na kufuga samaki.

Sitaki kusema kwamba hapakuwa na faida yoyote. Vijana kadhaa walipata kazi, na mchele wa Siaya ulionekana madukani. Nchi yetu hununua mchele mwingi kutoka nje, na anayetaka kuupanda hapa nyumbani si adui. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ni moja tu: je, mwenyeji alipona?

Wenyeji wengi walisema hawakupona. Walilalamika kwamba maji yaliyoinuliwa na kizuizi yalifunika mashamba na makao yao. Walilalamika juu ya njia za mifugo zilizofungwa, na juu ya dawa zilizonyunyizwa kwa ndege. Walisema kazi zilizopatikana zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za kibarua. Kampuni nayo iliyakataa mengi ya madai hayo. Magomvi yakaendelea kwa miaka mingi, hata mwaka 2017 kampuni ikaondoka, ingawa muda wa mkataba ulikuwa haujaisha. Baadaye kampuni nyingine ikaingia na mipango ya miwa, na maswali yale yale yakarudi.

Kwa nini watu hawa walishindwa kujitetea mapema? Sheria ya wakati ule ilikuwa na neno zuri: ardhi ya dhamana. Baraza la wilaya liliishika ardhi kwa niaba ya wakazi wake, kama mjomba anayetunza mali ya mayatima. Lakini mjomba ndiye aliyetia sahihi. Mkataba ulitaja hekta, miaka na kodi. Mikeka haihesabiwi kwa hekta, wala malisho ya miezi miwili ya kiangazi hayaonekani katika ramani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya watu wa Yala ilikuwa kubwa, ila haikuwa na daftari.

Bwana Mwenyekiti, ningeweza kuishia hapo na kuwalaumu watu wa mbali. Lakini nisingekuwa mkweli.

Miaka ya kwanza ya kazi yangu, nikiwa afisa mdogo mwenye digrii mpya, nilitumwa kukagua kinamasi kidogo katika wilaya ambayo sitaitaja. Palikuwa na mtu aliyetaka kukikausha apande mboga za kuuza mjini. Nilifika saa nne asubuhi, nikatembea juu ya tuta kwa muda wa nusu saa, nikarudi garini kwa sababu viatu vyangu vilianza kuloa. Katika fomu palikuwa na mstari: "Matumizi ya sasa." Nikaandika: "Hakuna."

Ilipita kama miezi minane. Asubuhi moja walikuja ofisini akina mama sita, wamebeba mundu na kamba. Walisema, "Mwanangu, tumekuta mlinzi na ua wa waya. Sasa mafunjo tutakata wapi?" Nikalifungua faili. Nikauona mwandiko wangu. Nikawajibu kwamba faili halina habari yao. Sikuwaambia ni nani aliyeliandika.

Wenzangu mliosoma nami mnajua kwa nini jambo hilo halijanitoka moyoni. Sehemu ya karo yangu katika shule hii ililipwa kwa mikeka ya mafunjo aliyosuka mama yangu. Kila mwanzo wa muhula nililala katika chumba kinachonuka mafunjo mabichi. Halafu mimi, mtoto wa mikeka, ndiye niliyeandika "hakuna."

Sheria imebadilika. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii, na mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayowapa wenyeji nafasi ya kujiandikisha na kukubali au kukataa mkataba wao wenyewe. Kabla ya hapo, sheria ya mazingira ya 1999 ilikwisha kuagiza kwamba mradi mkubwa kama huu upimwe madhara yake kwanza. Hayo ni maendeleo. Lakini sheria husubiri mtu wa kuijaza fomu, na mtu huyo kesho atakuwa mmoja wenu.

Basi, vijana, nawaachia mambo matatu. Kwanza, utakapotumwa kukagua ardhi, nenda mara mbili, masika na kiangazi, maana kinamasi kina sura mbili. Pili, waulize wanawake na wachungaji, usimwulize chifu na mwenyekiti peke yao. Wenye kukitumia kinamasi mara nyingi si wenye viti. Tatu, mwekezaji akija, mtakieni heri, lakini yaandikeni katika mkataba yale ambayo wenyeji wanayo tayari, kabla ya kuandika yale watakayoahidiwa. Njia ya ng'ombe iandikwe. Mahali pa kukata mafunjo paandikwe. Kiwango cha maji kiandikwe, pamoja na jina la atakayelipa kikipita hapo.

Tulipokuwa hapa, mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kuchora kinamasi kwa vistari vya buluu na majani matatu matatu. Nilipata alama zote. Ninyi mkichora ramani yenu, tafadhali chorani na watu.