Mgeni wa Chalbi na Maji ya Mwenyeji

Matini ya mazungumzo kwa wenye kambi, madereva, waelekezi na kamati za maji, Kaunti ya Marsabit



Mgeni anayetaka kulala kambini katika Jangwa la Chalbi huuliza kwanza bei ya hema. Halafu huuliza kama kuna mtandao wa simu. Suala la maji huja siku ya pili ya safari, mitungi ikiwa imebaki nusu. Hapo ndipo gari hugeuzwa kuelekea kisima kilicho karibu, na kisima hicho kina wenyewe.

Hakuna mkazi wa kaunti hii asiyejua thamani ya maji hayo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, mifugo ikafa na familia zikahama. Visima navyo vina utaratibu wake tangu enzi za mababu. Waborana, kwa mfano, wana aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, na anayefika nje ya zamu husubiri. Mgeni hazijui zamu hizo. Mwenyeji akiona haya kumnyima, anayesubiri ni mfugaji aliyetembea na wanyama wake tangu alfajiri. Ndiyo maana mpango mzuri wa safari unamhusu mfugaji kama unavyomhusu mtalii.

Mpango huo huanza kwa hesabu. Katika joto la Chalbi, mtu mmoja atengewe angalau lita 5 za kunywa kwa siku. Kupika, kuosha vyombo na kuoga kwa ndoo kunaweza kuchukua lita 15 zaidi. Wageni 4 wakikaa siku 4, hizo ni lita 320. Lakini kuna dereva na mpishi, ambao aghalabu husahaulika. Watu 6 kwa siku 4 wanahitaji lita 480, yaani mitungi 24 ya lita 20. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila kunywa anaweza kumaliza zaidi ya lita 100 kwa mara moja. Kwa hiyo kundi dogo la wageni wasiojipanga linaweza kutumia maji ya ngamia 4.

Maji ya kunywa yabebwe kutoka mbali. Maji mengi ya ardhini kandokando ya Chalbi yana chumvi, na mgeni asiyeyazoea anaweza kuharibika tumbo. Isitoshe, mji wa Marsabit wenyewe una uhaba wa maji, hivyo si vyema kusubiri kununua mitungi yote pale. Maji ya kuoga na kuoshea yanaweza kupatikana kwa makubaliano na kamati ya maji ya mahali, kabla mgeni hajafika. Kiasi na bei vijulikane, malipo yafanywe kwa kamati, na risiti itolewe. Msimu wa ukame ukibana, kamati ina haki ya kukataa, na mwenye kambi hana budi kumwambia mgeni mapema kwamba ziara imeahirishwa.

Jambo la pili ni majira. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Wakati wa kiangazi ni tambarare ngumu yenye chumvi, lakini mvua ikinyesha, sehemu zake hugeuka kidimbwi kikubwa. Hatari zaidi ni siku za baada ya mvua, pale juu panapoonekana pakavu ilhali chini ni tope. Gari likizama hapo, huvutwa na wenyeji, wakati mwingine kwa siku nzima. Basi safari zipangwe nje ya mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Hata wakati wa kiangazi, dereva afuate njia zilizozoeleka, akiwa na mwelekezi wa eneo hilo anayelipwa ujira uliokubaliwa. Wanaoelekea Loiyangalani wabebe vigingi imara, kwa kuwa upepo wa huko hung'oa hema lisilofungwa sawasawa. Wakati wa tamasha la kitamaduni la Ziwa Turkana, vyumba na mabanda ya mji huo hujaa, hivyo nafasi ikodishwe mapema.

Jambo la tatu ni usalama. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale imerahisisha safari ya kufika Marsabit mjini, lakini anayekwenda Maikona, Kalacha au North Horr huiacha lami nyuma. Mafuta yajazwe Marsabit. Magari yawe mawili, kila moja na magurudumu mawili ya akiba, koleo na mbao za kujinasua. Kabla ya kuondoka, mwenye kambi aulize polisi na chifu kuhusu hali ya usalama njiani. Amwachie mtu anayeaminika majina ya wasafiri, njia watakayopita na saa wanayotarajiwa kufika. Simu ya kawaida hukosa mtandao kwa masafa marefu, kwa hiyo simu ya setilaiti ni ya lazima. Mgeni mwenye kisukari, shinikizo la damu au ujauzito amwone daktari kwanza, na kila mgeni awe na bima inayogharamia ndege ya wagonjwa.

Mwisho ni kuni na taka. Mikoma ya Kalacha na migunga michache ya lagani ni kivuli cha watu na mifugo. Kambi ipikie gesi, na chupa za plastiki zirudi kwenye gari lililozileta. Mbuzi akimeza mfuko wa plastiki, hasara ni ya mwenye mbuzi, wakati huo mgeni ameshafika kwao.

Wapo wanaohofia kwamba masharti haya yatawafukuza wageni. Mgeni anayeambiwa ukweli kabla ya kulipa huja amejiandaa, hukaa siku alizopanga na huondoka na afya njema. Anayedanganywa kwamba kila kitu kipo hukatiza safari, hudai fedha zake na kuwaonya wenzake. Basi kabla ya kupokea malipo ya hema, mwenye kambi amuulize mgeni: mko wangapi pamoja na dereva na mpishi, na mmebeba lita ngapi?