Mtoto wa Mlevi Amekua, Bado Anausikiliza Mlango

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vikundi vya wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Mazungumzo ya leo hayamhusu mlevi. Yanamhusu mtu aliyelelewa naye.

Mfikirieni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Mtongwe. Kila alfajiri huwahi feri kwenda kazini kisiwani. Majirani humtolea mfano: hanywi, huwalipia karo wadogo zake, na ndiye mweka hazina wa chama chao. Lakini mlango ukibishwa usiku, moyo humwenda mbio. Utotoni alijifunza kupima hatua za babake akirudi kutoka mangweni. Zikiwa za kuyumba, aliwaamsha wadogo zake wakakimbilia kwa jirani. Zikiwa za kawaida, aliwaacha walale. Baba amefariki miaka tisa sasa, na bado anapima hatua. Mwanawe akivunja kikombe, humfokea kupita kiasi cha kosa, kisha hujifungia chumbani akalia. Ndugu akimwomba pesa, hawezi kukataa hata akiwa hana.

Huu ni mfano tu, si kisa cha mtu fulani. Hata hivyo, huenda kuna aliyejiona humo.

Mnazi si mgeni Pwani. Upo katika mahari na matambiko ya Wamijikenda, na mgema hupata riziki yake kwao. Lakini kinywaji kikishaitawala nyumba, kiwe mnazi, chang'aa au bia ya dukani, watoto hubeba mzigo usio wao. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 uliiweka Pwani miongoni mwa maeneo yanayoongoza nchini kwa unywaji wa pombe. Utafiti wa namna hiyo huhesabu wanaokunywa. Wanaolala macho wakiwasubiri hawamo katika hesabu hiyo.

Kwingineko duniani, pengo hili lilionekana hatua kwa hatua. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi waliotaka kuacha pombe walianza kukutana na kusaidiana. Mwaka 1951, Lois Wilson, mke wa mmoja wa waanzilishi hao, alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi. Vikundi vya vijana, Alateen, vikafuata mwaka 1957. Mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana waliokwisha kuwa watu wazima waligundua mjini New York kwamba kuhama nyumba ya mlevi hakukuwaondolea hofu waliyotoka nayo. Wakaunda vikundi vyao wenyewe.

Utaratibu wao hauhitaji jengo wala bajeti kubwa. Watu hukutana mara moja kwa wiki, saa moja au moja na nusu, mahali ambapo hakuna anayepita akisikiliza: darasa la shule Jumamosi alasiri, au ukumbi wa jamii. Mtu huzungumza bila kukatizwa. Hakuna anayemhukumu wala kumpangia maisha. Asiyetaka kusema husikiliza tu. Linalosemwa ndani halitoki nje, hata kwa mume au mke. Siasa haziingii, na kikundi hakikopeshi pesa, kwa kuwa deni likiingia, ukweli hutoka. Wanawake wakitaka kukaa peke yao, na wanaume vivyo hivyo, ni sawa.

Kinachowazuia wengi si nauli. Ni radhi. Mtu hujiuliza: nikisema baba alikuwa mlevi, si nitakuwa nimemvunjia heshima, na pengine yuko kaburini? Swali hilo ni zito na halipaswi kuchekwa. Jibu ni kwamba kikundi hakimwiti mzazi mahakamani. Jina lake halihitajiki. Mtu huzungumza kuhusu nafsi yake: anachoogopa, anachowafanyia watoto wake bila kupenda, anachotaka kisiwafikie wajukuu. Anaweza kumwombea mzazi wake dua na bado akasema ukweli wa usiku ule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na haya nayo ni maradhi ya kufichwa.

Wala si lazima mlevi akubali kwanza. Huenda bado anakunywa, huenda aliacha zamani, huenda alikwisha kufa. Mlango wa kikundi uko wazi kwa mtoto wake vyovyote iwavyo.

Kikundi lakini si hospitali. Anayepigwa nyumbani, anayewaza kujiua, au aliyeanza kunywa mwenyewe ili apate usingizi, anahitaji mtaalamu upesi. Aende katika hospitali ya umma iliyo karibu, au apige simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake anaweza kumwelekeza.

Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti jukumu la leseni za vileo na udhibiti wa dawa za kulevya. Leseni huamua nani auze na saa ngapi. Haiwezi kumfikia mwanamke wa Mtongwe saa nane za usiku. Wanaoweza kumfikia ni watu wawili au watatu waliopitia aliyoyapitia, wakakubaliana siku, saa na mahali pa kukutana.

Akienda mara ya kwanza, huenda asitamke neno. Atasikia mwanamume wa Chaani au Mjambere akieleza jinsi alivyokuwa akihesabu hatua nje ya mlango, na atajua kwamba hakuwa peke yake. Wiki ijayo atarudi. Kwa kuanzia, hilo linatosha.